Foleni ya Friji Ndani ya Eda

Upanga,
Dar es Salaam.
19 Agosti 2024

Mpendwa Shemeji Suud,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe na wanao wote hapo Maskati. Mgongo je? Tulisikia umeanza kutembelea fimbo, nami nikasikitika, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiwashinda wenzako wote mbio. Mungu akuondolee.

Huku hatujambo, kwa kiasi cha watu waliofiwa. Presha yangu inapanda na kushuka. Vidonge nameza nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Dua na rambirambi zako zilitufikia. Kanzu mbili za marehemu Mohammed nimekuwekea, ile ya mistari na ile uliyomletea mwenyewe mwaka ule. Zilizobaki tumezitoa sadaka.

Nimeandika kwa karatasi makusudi. Simu yako wanaishika wanao, na kundi la ukoo la WhatsApp limekuwa baraza la mdogo wako Mbaruku. Barua hii anakuletea Shamsa, binti wa jirani yetu anayerudi kazini huko. Nimemwambia akupe mkononi.

Nakuomba usome mpaka mwisho, ndipo ukasirike. Jambo lenyewe ni ndoa ya mwanangu Rania. Baba yake hayupo, kaka hana, na Mbaruku, ambaye ndiye ami aliye karibu, amekataa kumwozesha. Sababu aliyoitoa ni mimi.

Ile picha utakuwa umeiona. Mwanamke kavaa nyeupe tupu, kasimama kwenye foleni ya duka la vyombo Kariakoo, mkononi ana bahasha ya kaki. Ni mimi. Chini yake mtu wa ukoo wetu kaandika: “Mume hajakauka kaburini, mjane anawahi ofa.” Wamecheka watu wa Tanga, wamecheka watu wa Unguja, na wewe sijui. Sasa nikueleze yale ambayo picha haikuonyesha.

Lile duka, ukinunua bidhaa za elfu hamsini, wanakupa kuponi ya elfu tano. Huitumii kwa unga wala mafuta. Ni ya vyombo vya ndani tu, na hairuhusiwi kuvuka nusu ya bei. Wateja wengi huziacha kaunta pamoja na risiti. Mimi sikuacha hata moja. Pale ndipo nilipokuwa nikinunua unga, mafuta na vifungashio vya biashara yangu ya sambusa, karibu laki moja kila wiki. Wewe unajua nilivyoanza, kwa kilo moja ya nyama na jiko la mkaa barazani, na hakuna aliyenipa mtaji. Tangu figo za Mohammed zichoke, sambusa ndizo zilizolipa kodi ya nyumba, nauli za hospitali na chakula. Silalamiki. Nakukumbusha tu ni nani aliyekuwa akikaanga.

Kwa miaka miwili nilikusanya kuponi mia moja themanini na nane. Piga mwenyewe: ni laki tisa na elfu arobaini. Vyombo nilivyomchagulia Rania ni friji, jiko la gesi, godoro la sita kwa sita, seti ya masufuria, pasi na blenda. Jumla yake milioni moja laki nane na elfu themanini. Nusu kuponi, nusu akiba yangu. Kwetu binti haendi kwa mume mikono mitupu, na sikutaka wangu awe wa kwanza.

Mohammed alikuwa akinitania kila akiniona nazihesabu kitandani. “Wewe mwanamke, siku nikifa utawauliza kama sanda nayo ina kuponi.” Nikamjibu, “Ikiwa nayo nitachukua, kwani wewe utajua?” Akacheka mpaka akakohoa.

Akafa tarehe nane Juni. Kuponi mwisho wake ulikuwa tarehe thelathini na moja Julai. Eda yangu inaisha katikati ya Oktoba. Balaa lote limetoka hapo, shemeji, hakuna kingine.

Sikukurupuka. Nilipiga simu dukani, akapokea msichana wa kaunta anaitwa Ritha, ananijua.

“Pole sana mama. Ila mwenye kuponi anatakiwa aje mwenyewe na kitambulisho. Ama ndugu wa karibu aje na kadi yake ya taifa, na yako, na barua ya serikali ya mtaa.”

“Mwanangu ana namba tu, kadi mwaka wa tatu huu haijatoka.”

“Namba haisaidii mama. Tushatapeliwa.”

“Basi niongezeeni siku.”

“Mama yangu, hapa hata bosi akifa leo, tarehe thelathini na moja haisogei.”

Ndugu wa karibu mwenye kadi ni nani kama si Mbaruku? Barua ya serikali ya mtaa niliipata, nikampigia. Akasema inshallah kesho. Kesho yake akasema kesho. Mara ya tatu ndipo akasema la moyoni: “Shemeji, mimi nina duka la vitenge pale, watu wananiheshimu. Nikasimame foleni na vikuponi, waseme tumeishiwa?”

“Si kuombaomba, Mbaruku. Ni haki yangu.”

“Kaka yangu kafa, wewe unalilia karatasi.”

Akakata simu.

Nikatuma salamu kwa sheikh wa msikiti wetu kupitia mkewe. Jibu likaja kwamba mwenye eda anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja yake ya lazima, mradi usiku alale nyumbani kwake. Nikauliza mara ya pili, jibu likawa lilelile.

Basi tarehe thelathini na moja asubuhi nikatoka. Alinisindikiza Urmila wa ghorofa ya chini, mjane wa mzee Ramniklal, unamkumbuka. Yeye hakuzungusha maneno. “Twende, Fakhriya. Mimi Ramniklal alipofariki, ningengoja watu wanipe ruhusa, duka lingeliwa na panya.” Tukachukua bajaji mpaka Kariakoo.

Nilipokosea ni kwenye nguo. Ningevaa buibui langu jeusi na nikabu ningepotea katikati ya maelfu, hata Mbaruku angenipita begani asinijue. Lakini niliona kuvua nguo za eda ni kama kumkana Mohammed. Nikatoka na nyeupe zangu kuanzia utosini, bila wanja, bila manukato, nikiamini nguo zile zitanisemea kwamba eda yangu ipo palepale. Kumbe nimejitundika bango. Mtaa mzima uligeuka. Mwanamke mmoja akanipa nafasi mbele yake, akaniambia pole mama. Nyuma yake wawili wakanong’ona kwa sauti ya kutaka nisikie: “Hii mpya! Mjane anagombea blenda.” Urmila akawageukia, “Na nyinyi waume zenu wazima, mbona mko foleni?” Wakageuza nyuso, lakini simu ilikuwa imeshapiga picha yake.

Saa nane mchana nilikuwa nimesharudi nyumbani. Vyombo vikaja na kigari cha kirikuu. Mimi mwenyewe sikuvishika, Rania ndiye aliyevipokea. Sasa vimejaa chumba ninachokalia eda, maana kwingine hakuna nafasi. Nalala kati ya friji iliyo kwenye boksi na godoro lililo kwenye nailoni.

Siku tatu baadaye Mbaruku akaja. Alikaa sebuleni, mimi nyuma ya pazia.

“Umetuvua nguo ukoo mzima.”

“Nguo ipi, shemeji? Mimi nilifunikwa mpaka ukucha.”

“Usinichezee. Ulishindwa nini kumtuma mwanamume?”

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia mwanamume nilimtuma mara tatu, akaogopa foleni.

Hapo ndipo akaweka sharti lake. Anasema vyombo ni mali ya marehemu, kwa sababu kuponi na akiba vilikusanywa ndani ya ndoa yake. Anataka viende kwenye stoo yake Jangwani mpaka mirathi igawanywe, nami nitie sahihi kwamba ni vya Mohammed. Nikikubali, atamwozesha Rania. Nisipokubali, “tafuta walii mwingine wa kumwozesha, na huyo binti utakaa naye.”

Jangwani, shemeji! Mvua za vuli zikianza, kule friji itaogelea.

Lakini maji si hoja yangu kubwa. Mirathi naijua. Vikiwa vya Mohammed, mimi nina thumni moja, yaani fungu moja katika manane, Rania nusu, na thumni tatu zinazobaki ni zenu nyinyi ndugu wawili. Katika milioni moja laki nane na elfu themanini, hizo ni laki saba na elfu tano. Fungu lako wewe ni laki tatu, elfu hamsini na mbili na mia tano. Nimekuandikia nikijua hivyo, kwamba ukimuunga mkono Mbaruku nawe unapata. Sikutaka uje uambiwe na mtu mwingine ukadhani nilikuficha.

Alichoacha Mohammed kweli nimekiandika chote mbele ya mashahidi: pikipiki, saa, simu na akiba yake ya benki. Hicho gawaneni, sina neno. Ila sambusa hazikuwa za Mohammed.

Upande wa mchumba hawajatetereka. Haitham ni kijana mwungwana. Alipoambiwa habari ya vyombo alisema, “Mama, hata tukiwa na kijiko kimoja tutakula kwa zamu.” Nilifurahi, lakini kijiko hakiozeshi mtu. Mama yake kanipigia, kasema kwa upole watangoja mpaka mwisho wa Novemba, kwa sababu Desemba kijana anaanza kazi Mtwara na hawawezi kumpeleka mwanamume kule na uchumba usio na mwisho. Hakuniambia baada ya Novemba kutakuwa na nini. Alinitakia afya.

Rania amekonda. Hanilaumu mbele ya watu. Akila, anakula akiwa amesimama jikoni, kisha anaosha sahani yake peke yake na yangu anaiacha. Juzi jioni aliingia chumbani akakaa juu ya boksi la jiko. Akaniuliza, “Mama, ungejua watakuja kunifanya hivi, ungeenda?” Ningeweza kumwambia hapana, ingempoza. Nikamwambia ningeenda. Kwa sababu siku ile nilichokuwa nakijua ni kwamba jua likizama, miaka miwili ya mikono yangu inakwenda kwenye pipa la taka. Akatikisa kichwa, akatoka, akafunga mlango polepole kama tunavyofunga chumba cha mgonjwa.

Sasa ombi langu. Wewe ni ami yake kama Mbaruku, baba mmoja mama mmoja na Mohammed, tena mkubwa. Sheikh amesema unaweza kumwozesha ukiwa hukohuko: utoe wakala kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili, umtaje yeye sheikh akaozeshe kwa niaba yako. Sikuombi nauli, sikuombi mchango, wala sikuombi umgombeze mdogo wako. Karatasi moja tu. Shamsa ataipitia kwako kabla ya mwisho wa Septemba, yupo mwenzake wa kuileta.

Na ukiona huwezi, usininyamazie. Niandikie hapana. Rania nitamwambia mwenyewe, Mbaruku asipewe kazi hiyo.

Maana hesabu ya mwisho nimeshaipiga. Vyombo nitavipata tena nikiwa na nguvu, mtoto ninaye mmoja. Isipofika karatasi yako, siku nitakayotoka eda nitaita kirikuu, nimpakilie Mbaruku friji, jiko, godoro, masufuria, pasi na blenda, na Rania ataolewa akalalie mkeka. Sitapiga kelele. Ila sahihi yangu hataipata; namjua, friji ikishaingia stoo yake hatakataa kuozesha kwa ajili ya karatasi. Sitaandika kwamba vilikuwa vya Mohammed, hata wanishikie mkono. Vitakuwa vyangu, na mimi ndiye niliyevitoa.

Nisalimie mkeo, nisalimie wanao, Nasra na mdogo wake, na yule mjukuu mpya ambaye bado hatujaletewa picha yake. Urmila anakusalimu, anasema deni lako la chai halijafutika. Rania anakuamkia, hajui kwamba nimekuandikia.

Mwenyezi Mungu akupe shifaa ya mgongo, akupe na moyo wa kuona haki hata ikiwa haikuletei kitu.

Ni mimi shemeji yako akupendaye na kukuheshimu,
mjane wa ndugu yako,

Fakhriya