Nyasi Zinazobonyea Kama Godoro

Jumatatu, 10 Machi 2025

Mama asitembee tena uani mpaka nyasi ziwe imara. Amesema Emmah, mtaalamu wa tiba ya viungo, baada ya mguu wa kushoto wa Mama, ule wa kiharusi, kuzama na nusura aanguke. Nyasi zinabonyea kama godoro. Barazani Mama hataki. Alianguka kwenye simiti hiyo Januari. Na mguu usipotembezwa, utakakamaa.

Nimechimba kipande kwa kisu, nikapima. Juu kijani. Chini, sentimita nne za mashina makavu yaliyosokotana, maji hayapiti. Miaka sita tumefyeka kwa slasha na kuacha kila kitu palepale. Amri ya Mama: ndiyo mbolea.

Jumatano, 12 Machi

Binamu yangu Gordon amekuja kutoka Lambwe. Akamwambia Mayaka, mtunza ua wetu, kwamba kwao malisho huchomwa kabla ya mvua na huota upya. Mayaka akawasha kona ya karibu na tangi. Miali haikuonekana — moto ulitambaa chini kwa chini. Ndoo tisa za maji kuuzima.

"Gordon, hapa si kwa ng'ombe wako," Mama akasema kutoka kitini.

"Shangazi, ng'ombe wangu angalau wanatembea."

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Mara ya kwanza tangu Januari.

Ijumaa, 14 Machi

Mayaka ameshika reki ya meno ya chuma tangu asubuhi, anachana nyasi. Magunia kumi na moja ya mashina makavu. Ua unafanana na kuku aliyenyonyolewa. Mama hasemi naye.

Saa kumi na moja akaweka reki chini. Ni Msabato, jua la Ijumaa likizama hashiki kazi. Nusu imebaki. "Madam, Jumapili niko hapa kabla ya chai." Radi upande wa Homa Bay.

Jumapili, 16 Machi

Mvua kubwa jana. Nusu iliyochanwa imekunywa yote. Nyingine ina madimbwi. Nimekanyaga ile ya kwanza. Haibonyei. Vichipukizi viwili vitatu, hata karibu na kona iliyoungua.

Mayaka alifika kabla ya chai. Mama alikuwa ukingoni mwa baraza na mkongojo, ameshavua kiatu cha kushoto.

"Trizah, hii nusu ni hatua ngapi?" akaniuliza.

Nimehesabu, kwa hatua zake: kumi na mbili. Emmah anataka ishirini.

"Mayaka, vuta reki mpaka kamba ya nguo," Mama akasema. "Usiniachie hata jani."

Anavuta. Kiatu bado kiko barazani. Emmah anakuja Jumatano, saa tisa.