Jiwe Lililotikiswa Chini ya Bahari

Mjukuu wangu Ruth,

Hapa Kolwezi tuko wazima, ila kifua changu kinazidi kuchoka. Bibi yako anakusalimu.

Unauliza kama kweli tope la chini ya bahari hutunza alama ya tetemeko. Ndiyo. Hata mawe yetu ya shaba yalikuwa tope la bahari. Ujanani nilikuwa nikipanga vipande vya mawe vilivyotolewa kwa kutoboa ardhi mgodini. Msimamizi wangu, Tata Mukendi, alinionyesha kimoja chenye chembe nzito upande mmoja na laini upande wa pili.

"Bahari ilitikisika, tope likaporomoka, chembe nzito zikatulia kwanza chini," alisema. "Na wewe jiwe hili umelilaza kichwa chini. Litashikwa na kizunguzungu."

Baadaye nilimwoa binti yake. Watu wa Kasai, kwao Tata Mukendi, walipofukuzwa huku kwetu kwa asili yao, nilimsindikiza mzee huyo stesheni.

"Huyu binti yangu useme ni mutu wa Musumba, wa huku huku, basimufukuze," aliniambia. "Batoto bakikuwa bakubwa, utabaambia kweli."

Walikua, nami nikaendelea kuogopa. Sasa nakuambia wewe: bibi yako ni Mukasai.

Nimemsomea barua hii. Anaomba, ukipiga simu, umuulize habari za baba yake.

Nkambo wako