Shelisheli la Hilo

Da Rahma mpenzi,

Sote wazima, ila hapa Hilo, Hawaii, mvua haikatiki. Tangu tupande meli hii ya watalii, Mama alikuwa hagusi kitu ila chai, na roho yangu haitulii. Leo tumeshuka sokoni, akamwona bibi mmoja anauza shelisheli la kuchoma. Akaketi naye chini ya turubai, hawaelewani hata neno, akala mpaka akacheka. Mimi natazama saa tu, maana meli haimsubiri mtu.

"Mama, twende, tutaachwa!"

"Hebu tulia, mwanangu. Nna miaka sijalitia hili mdomoni."

Nikamshika mkono, tukaondoka mbio kwenye mvua. Kufika melini, kumbe bado saa nzima! Mama alikwenda dirishani akautazama mji, nami nikaona haya.

Basi wewe na shemeji mkija na Bi Mkubwa wake, mkweo, msitake visiwa vyote kwa wiki moja. Tafuteni meli inayolala bandarini, mtu ashuke kwa raha zake.

Nimemwomba Mama radhi. Amenambia, "Radhi unayo. Kesho tukishuka kisiwa chengine, kanitafutie shelisheli jengine."

Tubusie watoto hapo Azaiba.

Mdogo wako, Salma