King'ora cha Ellerbruch

Ellerbruch, 9 Februari 1988

Mpendwa Rike,

Kamanda wa zimamoto wa hapa, Hinrich Tönjes, ametamka jana jioni mbele ya kikosi chake kizima kwamba king'ora hakitazimwa kwa ajili ya televisheni, na kwamba hata ukija mwenyewe na shada la maua, jibu ni hilo hilo. Nilimuuliza mara mbili. Mara ya pili alilisema kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa salamu. Hujambo mwanangu? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kusema ni vumbi la Hamburg? Mimi sijambo, ila goti la kushoto linauma nikipanda ngazi. Nikishuka halina neno. Daktari haelewi kwa nini, lakini dawa ameandika.

Uliniomba nikaongee na Hinrich, nimeongea. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Wiki iliyopita mlikuwa katikati ya kupiga picha: Enno Siefken kavaa sare ya bwana posta, anagonga muhuri kwenye kifurushi chenye kuku, king'ora kikalia. Mpiga kamera, mafundi taa wote, dereva na Enno mwenyewe wakatoka mbio. Studioni akabaki mtengeneza nywele na kuku. Moto wenyewe ulikuwa sufuria ya supu iliyosahauliwa na mjane Behrends.

Kituo cha televisheni kikilalamika kwamba mnapoteza saa za kazi, kina haki. Lakini usiwalaumu hawa. Ulipoanza kupiga filamu za kutangaza matrekta ndani ya kiwanda cha maziwa cha marehemu kaka yangu, uliajiri watu wa hapa, na hapa kila mwanamume mwenye miguu mizima ni mzimamoto wa kujitolea. Kampuni imekua, leo ina watu arobaini. Kikosi hakijakua. Ni watu wale wale.

Shangazi yako,
Lilo


Hamburg, 15 Februari 1988

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimetulia, nashukuru, na hilo goti lako nalipa pole. Acha kupanda ngazi basi! Hamishia kitanda chini kama nilivyokuambia Krismasi.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Kituo kinataka vipindi hamsini na viwili vya tamthilia yetu ya posta. Hamsini na viwili, shangazi! Baba angekuwepo angefungua ile chupa aliyokuwa akiificha nyuma ya ndoo za siagi. Tukiupata mkataba huu tunajenga ukumbi wa pili, tunaajiri waandishi, tunaacha kabisa kupiga filamu za harusi za watu.

Ila kuna neno. Bi Brakelmann, mkuu wa tamthilia wa kituo, ana kumbi tupu hapa Hamburg na anataka tuhamie. Anasema hawezi kumkabidhi vipindi hamsini na viwili mtu ambaye wafanyakazi wake wanakimbia kila sufuria ikiungua. Nimembembeleza mpaka nimeishiwa maneno. Amekubali kitu kimoja: atakuja huko Alhamisi, tarehe 3 Machi, kutazama siku moja ya kazi. Peke yake. Hataki niwepo, anasema bosi akiwepo kila mtu anakuwa hodari. Siku ikienda vizuri, tunabaki na tunajenga. Isipoenda, tunahama, na unajua mwenyewe nani kati ya wale ataacha ng'ombe na nyumba anifuate huku. Hakuna.

Nimekodi mafundi wa Hamburg kwa siku hiyo, mpiga kamera na wa taa. Wetu wapumzike, walipwe. Aliyebaki ni Enno, maana uso wake siwezi kuukodi. Nimemwapisha kwa simu kwamba hata kijiji kiungue hatatoka studioni.

Nenda ukaniangalizie, tafadhali. Wengine wote watanipambia mambo. Wewe utaniambia lililotokea. Na usiandike lolote katika hilo gazeti unaloliandikia!

Mwanao,
Rike


Ellerbruch, 19 Februari 1988

Mpendwa Rike,

Bi Gesche wa nyumba ya wageni amethibitisha kwamba mafundi wako wa Hamburg wamepangishiwa vyumba vyake na kwamba mmoja hali mayai. Maana yake kijiji kizima kinajua.

Natumai u mzima. Mimi goti ni vile vile, na kitanda kitabaki juu.

Gazetini sijaandika kitu. Habari ni jambo lililoamuliwa, na hakuna aliyeamua. Lakini jana nilikuwa kwa Bi Gesche wakati Gerold, mkuu wako wa taa, aliposikia. Nakunukulia bila kutia chumvi.

"Kwa hiyo tunalipwa tukae nyumbani," akasema. "Mke wangu amekuwa akiniomba hivyo miaka yote."

"Wewe ukikaa nyumbani mkeo ndiye atakayehama," akajibu Bi Gesche.

Wakacheka. Kisha Gerold akanigeukia. "Bi Lilo, mwulize mpwa wako: zile taa za kwanza, tulizozitundika kwa kamba za kufungia majani, nani alizishika siku kamba ilipokatika? Mtu wa Hamburg?"

Wameamua watakaa nyumbani kama ulivyotaka. Hawana hasira ya kupiga meza. Wana ile nyingine, ya kuongea kwa upole.

Mpigie Gerold mwenyewe. Hilo si jambo la kuagiza kwa shangazi.

Shangazi yako,
Lilo


Ellerbruch, 3 Machi 1988, jioni

Mpendwa Rike,

Bi Brakelmann alikataa kuniambia ameamua nini. Maneno yake ya mwisho leo, akiwa na matope mpaka magotini, yalikuwa haya, akikutaja wewe: "Nitamjibu Bi Wiebold kwa maandishi."

Habari za siku mbili tatu? Najua hujalala vizuri, kwa hiyo nakupa mambo kwa mpangilio wake.

Gerold anasema hukumpigia.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mafundi wa Hamburg wanajua kazi. Mpaka chakula cha mchana mlikuwa mbele ya ratiba, na Enno alisema maneno yake yote bila kukosea, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mgeni alikula kabichi na soseji, akaongeza. Kisha akatoka kwenda kuvuta sigara ndani ya gari lake. Gari lenyewe alikuwa ameliegesha mbele ya mlango wa zimamoto, mahali ambapo hakuna mtu wa hapa angeegesha hata baiskeli.

Ndipo king'ora kikalia. Safari hii haikuwa supu. Lilikuwa ghala la majani makavu la mzee Onken, na ndani mlikuwa na ndama.

Gerold na mafundi wako wengine wakafika kituo cha zimamoto kutoka majumbani, wakakuta mlango umezibwa. Hinrich hakupoteza maneno. "Shikeni huku na huku!" Wakaliinua gari na mgeni akiwa ndani.

"Jamani, nimo humu!" akapiga kelele.

"Tunakuona, mama," akasema Gerold. "Wewe shika tu sigara yako."

Wakamweka barabarani taratibu, na gari la zimamoto likatoka.

Studioni Enno alikuwa bado amekaa nyuma ya dirisha la posta. Alikaa. Hilo naliandika kwa ajili ya haki yake. Aliushika muhuri kwa mikono miwili kama anayezuia mbwa. Halafu akauweka chini, akasema, "Bi Lilo, mwambie Rike nilijaribu," akaondoka na sare ya posta na kofia yake.

Mgeni aliwafuata kwa gari, nami nikapanda naye bila kuombwa. Ghala limeungua nusu. Ndama wote wako hai. Wa mwisho alitolewa na Enno, akimvuta kwa mkanda wa suruali ya bwana posta, huku suruali akiishikilia kwa mkono mwingine. Bi Brakelmann alicheka mpaka akashika mti. Kisha akaitazama saa yake, akaacha kucheka.

Mchana mzima ulipotea. Hamkupiga picha nyingine.

Shangazi yako,
Lilo


Hamburg, 12 Machi 1988

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai baridi ya huko haijaliharibu goti zaidi. Mimi mwili ni mzima.

Jibu limekuja. Bi Brakelmann ameandika: "Nimeona watu hodari kuliko wote niliowahi kuwaona kazini. Studio sikuiona." Anatupa vipindi vyote hamsini na viwili, tukihamia Hamburg. Mkataba unatiwa saini Alhamisi tarehe 31.

Nimepiga hesabu zangu zote, shangazi. Nikikataa, hakuna kazi kwa mtu yeyote baada ya majira ya joto. Nikikubali, kampuni inakua na kijiji kinabaki na jengo la maziwa lenye nyaya. Nitakubali.

Gerold nimempigia, kwa kuchelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama huko Hamburg taa zina kamba nzuri. Nikalia kama mtoto. Akasema, "Basi, basi, Rike, kamba za nailoni ni nzuri pia."

Nitakuja Jumamosi tarehe 26 niwaambie wote ana kwa ana. Nipikie chochote.

Mwanao,
Rike


Ellerbruch, 21 Machi 1988

Mpendwa Rike,

Kamanda Hinrich Tönjes amesema jana, baada ya ibada, kwamba kikosi cha kijiji jirani cha Moorhausen kitalinda Ellerbruch siku zote za kupiga picha. Kamanda wa Moorhausen, Tamme Harms, amethibitisha, akaongeza kwamba wana sharti.

Hujambo? Kunywa chai kwanza.

Imekuwa hivi. Jumatano nilimkuta Hinrich akiliosha gari la zimamoto. Nilikuwa nataka tu maelezo ya ule moto kwa ajili ya gazeti.

"Hinrich," nikamwuliza, "ule usiku wa dansi yenu ya mwaka, mnakuwa katika hali gani?"

"Unatujua. Tunakunywa."

"Moto ukiwaka?"

"Wanakuja wa Moorhausen. Nasi tunawalindia siku ya dansi yao. Ndivyo ilivyo tangu enzi za babu."

"Kwa hiyo wa Moorhausen wanaweza kuzima moto."

"Wanaweza. Polepole."

"Polepole kiasi gani?"

Hapo akaacha kuosha. Alisimama na sponji mkononi mpaka maji yakamwingia kwenye mkono wa koti. Akasema, "Lilo, we mwanamke, usiniambie nikamwombe Tamme." Sikumwambia. Mimi niliuliza swali tu.

Tamme ni shemeji yake, kamwoa dada yake, na hawajasalimiana tangu Mei iliyopita, Moorhausen walipokuja usiku wakaiba ule mti wetu mrefu tunaousimamisha kwa sikukuu ya Mei na kuusimamisha kwao. Jumamosi Hinrich alivaa koti zuri, akavuka mfereji. Dada yake anasema walikaa jikoni hawaongei mpaka keki ikaisha.

"Sufuria na supu zote ni zetu," akasema Tamme hatimaye. "Moto mkubwa mnakuja na ninyi."

"Moto mkubwa tunakuja hata tukiwa tumelewa," akasema Hinrich.

Sharti ni hili. Katika tamthilia yako, kila mteja mpumbavu anayeingia posta anatoka "ng'ambo ya mfereji". Anayetuma kuku kwa posta, anayelamba stempu upande usio na gundi, wote ng'ambo ya mfereji. Ng'ambo ya mfereji ni Moorhausen, kila mtu anajua, na Tamme anasema watoto wao wanazomewa shuleni. Anataka wapumbavu wa vipindi vijavyo watoke upande huu. Na anataka mkuu wao awe Hinrich mwenyewe.

Nilimuuliza Hinrich kama amekubali. Alijibu, "Andika kwamba sikusema kitu." Kwa hiyo naandika hivyo: hakusema kitu, na alikuwa mwekundu.

Barua hii naituma kwa haraka. Kumshawishi Bi Brakelmann ni juu yako.

Shangazi yako,
Lilo


Hamburg, 31 Machi 1988

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Mimi ni mzima kuliko nilivyowahi kuwa. Ahsante kwa chakula cha Jumamosi, na samahani nilikula na sehemu yako.

Tumetia saini leo asubuhi. Bi Brakelmann aliisoma mara mbili barua ya ahadi waliyoniandikia makamanda wawili. Mwanasheria wake akasema hajawahi kuona mkataba wa televisheni wenye sahihi za zimamoto. "Sasa umeona," akamjibu. Akataka neno moja liongezwe: moto mkubwa, kamera nazo ziende. Nikamwambia hilo akamwombe Hinrich mwenyewe. Akasema atamwomba, na safari hii ataegesha mbali.

Tunabaki, shangazi. Arobaini wote, na wengine ishirini tunawatafuta, nusu yao kutoka Moorhausen, maana Tamme anajua kujadiliana. Ofisi ya hapa naifunga mwezi wa sita. Ukumbi wa pili tutaujenga nyuma ya kiwanda, na mchoro wa taa nimempa Gerold auchore mwenyewe.

Hinrich amenipigia simu jana. Alikohoa weee, kisha akauliza kama mpumbavu mkuu anaruhusiwa kuvaa kofia yake ya ukamanda. Nikasema anaruhusiwa. "Basi," akasema, "nipe na maneno mengi ya kusema."

Kipindi cha kwanza tunapiga Jumatatu tarehe 2 Mei. Hinrich anaingia posta saa tatu asubuhi, na kuku.

Mwanao,
Rike