Waya Zote Zinaishia Kwangu

Ngarenaro, Arusha
14 Agosti 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mguu umepona na Mama anaendelea vizuri na kuku wake. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimejaa hasira tangu Jumatatu, na nisipokuandikia nitapasuka.

Meneja aliniita mbele ya watu wote, akasema mimi ndiye niliyevujisha orodha ya watakaopunguzwa kiwanda kikishachukuliwa na mwekezaji. Ushahidi wake? Eti waya za kompyuta zote zinaishia kwenye kisanduku kilichomo kwenye chumba changu cha kazi, kwa hiyo barua zote zinapita mikononi mwangu! Mtu mzima, na tai shingoni!

Nilimwambia waya ni kitu kimoja na safari ya ujumbe ni kitu kingine. Ukizitazama waya, kweli zote zinakuja kwangu. Lakini yeye akimwandikia mhasibu, kile kisanduku hakichagui. Kinautangaza ujumbe kwa mashine zote saba kwa mpigo, kama kipaza sauti cha mnadani, na kila mashine inapuuza usio wake. Anayejua kuizuia mashine yake isipuuze atausoma akiwa chumba chochote, hata stoo. Nilichora kwenye karatasi, nikagonga meza.

Kisha meneja akauliza nani anaujua ufundi huo. Wote wakamgeukia Naftali, fundi aliyetufungia kompyuta, ambaye meza yake iko stoo. Jana wamemfukuza. Hakujitetea sana, alinitazama tu.

Baba, kila nililosema lilikuwa kweli. Lakini ufundi huo Naftali alinifundisha mimi, mwezi wa sita, baada ya kumsumbua sana. Niliisoma orodha, nikakuta jina lako, karani wa ghala letu la huko Maji ya Chai, miaka ishirini na miwili kazini. Ile karatasi uliyoikuta chini ya mlango, ikiwahimiza mwende chama cha wafanyakazi mapema, niliiandika mimi. Naftali anajua, na hakunitaja.

Jumatatu ijayo naingia kwa meneja kusema kwamba ni mimi.

Mama na mdogo wangu Evelyn wape salamu zangu nyingi. Ukisikia nimefukuzwa, usije mjini kumfokea mtu. Pita Sombetini kwa Naftali, umpe pole. Mimi sina uso wa kumtazama.

Ni mimi mwanao,
Agnela