Kwa Bwawa Hakuna Ukuta

Jumatatu, 4 Agosti

Likizo! Nilitaka kulala mpaka jua litoke lakini jua halikutoka. Ukungu tu, hata shamba la chai nyuma ya choo halionekani.

Habari kubwa: ile pool ya klabu ya mameneja imefunguliwa kwa watoto wote. Mameneja wenyewe waliacha kuitumia zamani, ilikuwa ya vyura. Sasa imeoshwa na kuna kocha, msichana wa Kedowa anaitwa Dorine, aliogelea chuo kikuu. Anatengeneza timu ya likizo. Kabla ya shule kufunguliwa kutakuwa na mashindano, wazazi waje waone. Chepkorir wa jirani ndiye ameleta habari. Amekuja mbio, hata salamu hakutoa.

Nyabate amesema anaenda. Hakuuliza. Dadangu ana miaka tisa na hajui kuuliza.

Mama amesema hakuna mtu anaenda.

Jumanne, 5 Agosti

Baba ametoka shifti ya kiwanda, amekunywa chai, amesema watoto waende. Mama akasema, mimi najua maji, Baba Bitutu, usinifundishe. Baba akajiongezea chai.

Sisi pia tunajua, ingawa hakuna mtu ametuketisha akatuambia. Mjomba Sagini, ndugu mdogo wa mama. Alizama kwa bwawa la nyumbani, kule mbele ya Chepilat, akiwa mdogo kuliko mimi sasa. Mama alikuwa hapo kando. Hiyo ndiyo yote. Picha yake iko kwa nyanya, amevaa shati ya shule.

Baba alipoanza tena aliongea polepole. Huku kila shamba lina bwawa, alisema. Utawafungia mpaka lini? Afadhali wafundishwe na mtu anayejua.

Mama aliosha sufuria moja kwa muda mrefu sana. Halafu: nitakuwa hapo kila siku. Siku siko, hawaendi.

Nyabate aliruka mpaka akagonga kichwa kwa mlango.

Mimi sikuruka. Mimi sijui kama nataka.

Jumatano, 6 Agosti

Maji yale! Ni kama yametoka kwa friji. Niliingia mpaka kwa magoti nikasahau jina langu.

Kocha Dorine ni mfupi, ana sauti kubwa kuliko mwili. Ametugawa. Wanaojua kidogo upande ule, wasiojua upande huu. Upande huu ni mimi — na watoto wa nursery! Nina miaka kumi na tatu, naenda Gredi ya Tisa mwakani, nimesimama kwa laini na mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Akaniambia pole.

Somo la kwanza ni kulala juu ya maji. Chali, mikono imefunguliwa, tumbo juu. Ukichoka, lala, anasema kocha. Ukiogopa, lala. Ukipotea, lala. Na bumua! Anamaanisha pumua. Tulicheka, yeye pia akacheka, akasema kwao Kedowa ndivyo hewa inaitwa.

Nyabate alilala mara ya kwanza tu. Kama jani. Mimi kila nikijaribu matako yanashuka.

Mama alitoka kuchuma chai akaja na gumboots na ile epron yake ya plastiki. Alikaa kwa kiti, ameshika kiti pande mbili kama ndicho kitazama. Midomo ilikuwa inatembea. Nafikiri alikuwa anaomba.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuna maendeleo. Nimekunywa pool yote.

Nyabate ameshapelekwa upande wa wanaojua. Anapita karibu na mimi akipiga teke makusudi.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Kanisa kutwa. Timu wanafanya mazoezi leo, nilikuwa nasikia filimbi wakati wa maombi — au nilidhani nasikia. Nyabate alipiga teke chini ya benchi mpaka mama akamfinya.

Jumanne, 12 Agosti

NIMELALA!

Nitaandika vizuri. Kocha aliweka vidole viwili tu chini ya kichwa changu. Akasema, Bitutu, angalia lile wingu, niambie linafanana na nini. Nikasema linafanana na ng'ombe wa kina Chepkorir. Akasema, mkia uko wapi? Nikatafuta mkia. Nilipomaliza kutafuta, vidole havikuwepo. Alikuwa amesimama mbali, amekunja mikono.

Nilishtuka nikazama, lakini nilikuwa nimelala. Yule wa nursery ni shahidi.

Nilimwangalia mama. Alikuwa ameachilia kiti.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimevuka upana wa pool bila ule ubao wa kushikilia. Kwa upande wa chini, usio na kina, ndiyo, lakini nimevuka. Nilimeza maji, nikasimama mara moja, nikaendelea. Ukifika unashika ukuta na ukuta ni kitu kizuri sana, sikuwahi kujua. Una baridi na una utelezi na ungeweza kuubusu.

Kocha ametangaza timu ya mbio za kupokezana za wasichana. Nyabate wa kwanza, Chepkorir wa pili, Vinny wa nyumba za juu wa tatu. Wa mwisho — mimi! Nikamwambia kocha, mimi naenda pole pole kama konokono. Akasema anajua, lakini ukitoa Sabato sijawahi kukosa hata siku moja.

Mashindano ni Jumapili ya tarehe ishirini na nne. Kocha alikuja mwenyewe kumweleza mama kwamba hakuweka Jumamosi kwa sababu yetu. Mama akasema asante, mwalimu. Ni mara ya kwanza amwongeleshe.

Jumatatu, 18 Agosti

Mvua ya mawe. Imepiga majani ya chai yamekuwa kama yametafunwa. Mama anasikitika, wiki hii kuchuma itakuwa shida. Pool imejaa takataka na pampu imekataa kuwaka. Kocha anasema mpaka fundi aje, hakuna kuingia.

Nyabate amezunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Jumatano, 20 Agosti

Sweta langu bado limelowa. Naandika hivyo hivyo.

Mama alikuwa anachuma kwa shamba la kina Chepkorir, upande wa chini, ambako mawe hayakupiga sana. Nilimpelekea uji. Nyabate nilimwacha nyumbani anaosha vyombo. Nilidhani anaosha vyombo.

Mama alikuwa hajamaliza kikombe tukasikia kelele kutoka kwa bwawa la shamba hilo. Si kelele za kucheza. Mama alizijua kabla yangu. Kikombe kilianguka, akachukua ule ufito anaolaza juu ya chai wakati wa kuchuma — sijui alifikiria nini, labda aliushika tu kwa sababu ulikuwa hapo — akakimbia. Kwa gumboots. Sikuwahi kuona mama akikimbia.

Chepkorir alikuwa kwa ukingo, amelowa, anapiga mayowe kwa Kipsigis. Nyabate alikuwa ndani. Mbali. Walikuwa wanafanya mazoezi ya mashindano! Chepkorir alirudi mapema, Nyabate akaendelea. Baadaye alituambia: alihesabu mikono kama anavyohesabu kwa pool, akanyoosha mkono ashike ukuta. Kwa bwawa hakuna ukuta. Akashusha mguu asimame. Hakuna chini.

Alikuwa anapiga maji kama mbwa, kichwa kinaingia kinatoka. Hakuwa analia. Hakuwa na nafasi ya kulia.

Mama aliingia mpaka magoti akasimama. Akasimama tu! Niliona mgongo wake. Nikasema mama, mama, na hakusikia. Hakuwa hapa. Nafikiri alikuwa kule mbele ya Chepilat.

Kocha ametuambia mara nyingi: usimfuate mtu kwa maji, atakushika mtazama wawili. Na mimi kuvuka kwangu ni kule kwa upande wa chini. Nilitaka kuingia. Miguu ilikuwa inaingia yenyewe. Badala yake nilipiga kelele mpaka koo likauma: Nyabate, LALA! Lala! Angalia juu! Bumua!

Alipotea. Maji yakafunga.

Halafu alitokea, na alikuwa chali. Mikono imefunguliwa. Tumbo juu. Uso ulikuwa wa bluu na mdomo unafunguka na kufunga, lakini alikuwa amelala.

Hapo mama akaamka. Akasema "nishike," hivyo tu, na akatembea ndani. Nilishika mkanda wa epron kwa mikono miwili. Maji kwa kiuno. Maji kwa kifua. Gumboots zilijaa, alikuwa anatembea kama mtu aliyefungwa mawe. Mimi pia nilikuwa ndani mpaka tumboni, matope yananivuta, Chepkorir amenishika sweta nyuma. Mama akanyoosha ufito. Haukufika. Akaenda hatua nyingine na maji yakamfika kwa shingo, nikajua nikiachilia huu mkanda sina mama.

"Shika, mama yangu," alimwambia Nyabate. Sauti ya chini kabisa, kama mtu anamwamsha mtoto aende shule. "Ni mimi. Shika pole pole."

Alishika.

Tulimvuta. Kwa ukingo alitapika, ndipo akalia, ndipo sisi wote tukalia, hata Mama Chepkorir aliyekuja mbio na blanketi. Gumboot moja imebaki huko.

Alhamisi, 21 Agosti

Nyabate hana homa. Amelala siku nzima akiangalia ukuta. Hakuchapwa. Afadhali angechapwa, anasema.

Mama amesema hakuna mtu wa nyumba hii ataingia kwa maji tena. Si bwawa, si pool, si chochote. Baba hakubisha. Amekaa mlangoni na kofia mkononi.

Kostumu zetu mama amezitoa kwa kamba zikiwa hazijakauka. Sijui ameziweka wapi.

Jioni, wakati ananyambua mboga, aliongea bila kuniangalia. Alisema Sagini alipiga maji. Alipiga, alipiga, alikuwa na nguvu sana. Hakuna mtu alikuwa amemwambia alale.

Nilingoja aendelee. Aliendelea na mboga.

Ijumaa, 22 Agosti

Kocha Dorine alikuja kwa miguu. Mama Chepkorir alikuwa amempigia simu. Alisimama nje hata baada ya kukaribishwa, akasema, Mama Bitutu, niliwafundisha maji ya pool nikasahau kuwafundisha kuogopa yale mengine. Pole sana. Nimekuja useme unachotaka kusema.

Mama akasema ingia kwanza, chai itapoa.

Wakakunywa chai. Wakaongea juu ya mawe, juu ya mahindi ya Kedowa, juu ya nani ameoa. Mimi kwa dirisha la jikoni, sipumui. Kikombe cha pili, mama ndiye alianza.

"Mtu mzima," alisema, "anaweza kufundishwa kule kulala?"

Kocha aliweka kikombe chini. "Anaweza."

"Hata akiwa mzito?"

"Wazito ndio wanaelea vizuri, mama."

Mama karibu acheke. Akasema yeye anauliza tu.

Kocha alituambia fundi amekuja, maji ni safi, Jumapili ipo. Hakutuomba twende. Alipoondoka mama alimsindikiza mpaka kwa barabara na wakasimama huko muda mrefu. Sikusikia kitu.

Jumapili, 24 Agosti

Niko kwa pool! Naandika nikiwa nyuma ya kiti cha baba, vidole vimekauka kwa baridi. Kesho ni shule.

Mama hakusema ndiyo. Asubuhi tulikuta kostumu zimekunjwa kwa kitanda, hiyo tu. Amekuja na viatu vya kanisa kwa sababu gumboots ni moja.

Watu ni wengi. Mabango, maandazi, mtu ameleta spika. Nursery wamemaliza, yule wa meno amekuwa wa tatu na ananionyesha kila dakika.

Shida ni Nyabate. Amevaa kostumu vizuri nyumbani, ameimba njia yote. Kufika kwa ukingo akaona maji — akakauka. Amejifunga leso mpaka masikioni. Chepkorir amembembeleza. Kocha amepiga magoti amemwambia si lazima, na akamaanisha. Kuna msichana wa nyumba za juu anaweza kuchukua nafasi yake. Nyabate anatingisha kichwa. Hataki kuingia na hataki nafasi yake ichukuliwe.

Mimi, niliyekuwa naogopa, siogopi sana leo. Na sijui nitampa vipi huo ujasiri.

Ngoja.

Mama amesimama. Anavua viatu, anaviweka chini ya kiti cha baba. Baba anamwita kwa jina lake, Syprose? Mama ameshaondoka. Anatembea kwa ukingo, upande wa chini, pale kwenye ngazi. Watu wanampisha wakidhani anatafuta mtoto.

Ameshuka ngazi ya kwanza. Na ya pili. Na rinda la kanisa! Limefura kama mwavuli, analishusha kwa mkono, linafura tena. Mtu amecheka halafu ameziba mdomo. Spika imezimwa. Maji yako kwa kiuno chake na ameshika chuma cha ngazi mpaka naona mishipa nikiwa huku. Midomo inatembea.

Sasa ameachilia chuma. Mkono mmoja. Anaunyoosha juu kwa Nyabate, hamvuti, ameuacha tu hapo hewani. Anamwambia kitu. Sisikii.

Nyabate ameangusha leso.

Yuko kwa ukingo. Vidole vya miguu vimeshika simiti. Anaangalia maji, anaangalia mama, anaangalia maji. Kocha ana filimbi mdomoni na hapigi. Chepkorir na Vinny wako tayari kwa laini na wananipungia, wananiita, Bitutu, kuja, na bado Nyabate hajaingia, na mkono wa mama umeanza kuchoka lakini hauteremki —