Eliya Bizimana Wawili

Jumapili, Louisville, Marekani. Manyunyu tangu asubuhi, mawingu yamefunika mtaa wetu wa Iroquois kama kifuniko cha sufuria, na hasira yangu haijapoa.

Natukana tangu Ijumaa. Nimewatukana watu wasiojua hata jina langu, na nikimaliza kuandika hapa huenda nikaendelea.

Mpwa wangu Eliya Bizimana yuko jela ya kaunti, hapa hapa mjini. Hajaua, hajaiba. Alikamatwa akiendesha gari bila leseni, akaitwa mahakamani, akaogopa kwenda, polisi wakamfuata ghalani anakofanya kazi na kumfunga pingu mbele ya wenzake. Sasa anamsubiri jaji. Mama yake, dada yangu Esperansi, anaishi Buffalo, kule Black Rock, na Jumanne anapasuliwa uvimbe wa shingo. Ameshatuambia wote: hapandi kitanda cha daktari kabla hajasikia sauti ya mwanawe. Dada yangu hatishi bure. Kambini Tanzania aliwahi kukataa mgao wa unga kwa sababu karani alimwita kwa kidole.

Lakini kupiga simu kutoka jela ni kununua. Sabuni unanunua, tambi unanunua, na kumwamkia mama yako unanunua kwa dakika. Kampuni imekaa kati ya mtoto na mama kama mtoza ushuru darajani. Ukiweka pesa inakata ada ya kuweka, ukiongea inakata ya kuongea. Wanaiita huduma. Sisi tuliokulia kambini tunalijua neno hilo. Kila aliyetunyima kitu alikuwa anatoa huduma.

Basi tukachanga, kama tunavyochanga kwa misiba na harusi. Mdogo wangu Jenoveva, aliyeko Columbus, ndiye mweka hazina wa ukoo. Wote tunamtumia yeye, naye anatuma. Akafungua tovuti ya jela, akaandika jina, akaandika tarehe ya kuzaliwa: Januari mosi. Akabonyeza jina la kwanza lililotokea, akatuma pesa.

Chini yake kulikuwa na jingine.

Eliya Bizimana wawili, jela moja, mwaka mmoja wa kuzaliwa, wote Januari mosi. Mmarekani atashangaa. Sisi tutashangaa nini? Karani wa kambi hakuwa na muda wa kuuliza mtoto alizaliwa mvua zipi. Aliandika Januari mosi, akamwita anayefuata. Nusu ya kanisa letu tuna siku moja ya kuzaliwa. Zilizotofautiana ni namba zao za mahabusu tu, na Jenoveva hakuzisoma. Alidhani mambo ya kuitwa kwa namba tuliyaacha siku ile tulipopanda ndege.

Ijumaa nilikwenda jela. Simu unaiacha kwenye kabati mlangoni, kisha unazungumza na mtu wako kwenye kioo cha video ukutani. Eliya alikuwa anacheka.

"Mjomba, hela mmempa Mkongo. Askari akiita Bizimana, tunasimama wawili."

"Mwambie arudishe."

"Hairuhusiwi. Tena jela imeshakata madeni yake ya dawa. Iliyobaki tumeila. Amenipa tambi na sabuni. Mtu mzuri, ila anakoroma."

Jana nikapigana na kampuni kwenye simu. Mwanamke mmoja akaniambia pesa imemfikia mwenye jina hilo, kwa hiyo hairudi. Alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniudhi zaidi. Tulipokuwa watoto walituandika wote kama mtu mmoja. Leo tukidai chetu, ghafla tumekuwa wawili.

Jenoveva akaniambia, "Kaka, weka nyingine leo, tugombane baadaye." Nikakataa. Nikaapa kwa jina la marehemu baba kwamba silipi mara mbili. Nikaandika hotuba ndefu kuhusu haki kwenye kundi la ukoo.

Esperansi aliisoma. Niliona kwamba ameisoma.

Leo baada ya ibada nikaenda Shively, pembeni mwa mji, kwa mama wa yule Eliya mwingine. Mpwa wangu alikuwa amenitajia mtaa. Nilikwenda kudai, na ndani ya gari nilikuwa nimejipangia maneno makali.

Ni mama wa milima ya Kivu Kusini, mfupi, bado na kitambaa cha kanisani kichwani. Nikamtajia jina la mwanawe. Akashika fremu ya mlango.

"Eliya alienda Iowa, kwa kazi ya nyama. Simu yake haipite. Uko unamujua?"

Nikamwambia mwanawe hayuko Iowa. Yuko jela, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka hapo mlangoni.

"Donc, ni kusema hajakufa?"

"Hajakufa, mama."

Akakaa chini kwenye ngazi, palepale penye maji. Akacheka. Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa neno jela.

"Mie nilikuwa najua alikufa. Bon. Anakula?"

Nikasema anakula. Nikasema ana tambi, ana sabuni, mpaka anawagawia wenzake.

"Ni nani alimutumia?"

"Sisi."

Akanishika mikono yote miwili, akaniombea baraka kwa sauti, mimi na nyumba yangu, kwa ukarimu ambao hatukuukusudia. Sikumsahihisha. Kisha akaingia ndani, akarudi na noti zilizokunjwa kwenye kitambaa. "Papa, umutumie tena. Mie sijuake hiyo mashini."

Nilikwenda kudai, nikarudi nimetumwa.

Nimefika nyumbani nimempigia Jenoveva. Tumefungua tovuti pamoja, yeye Columbus, mimi hapa. Nimemsomea namba, si jina. Pesa ya kwanza kwa mpwa wangu, kutoka mfukoni mwangu. Ya pili kwa Mkongo, zile noti za mama yake. Marehemu baba atanisamehe kiapo. Mkongo naye ni karani yuleyule wa kambi aliyemzalisha Januari mosi.

Kampuni imekata ada mara mbili na kunitumia ujumbe wa shukrani mara mbili. Sijaisamehe, wala sitaisamehe.

Dada Esperansi, kesho asubuhi usiiweke simu mbali.